Tuna sura za watu, nyumba zetu zi wapi?

WIKI mbili zilizopita mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili hapa Mombasa, alinipigia simu. "Profesa, nimepata kamera," akaniambia. "Jumamosi twende Mji wa Kale ukanionyeshe nyumba." Nikamuuliza kamera ya nini naye ana simu mfukoni. Akacheka tu, akasema nitaiona.

Nikaiona. Ni kisanduku kizito cha chuma chenye lenzi iliyotokeza mbele kama jicho la chura. Juu yake pana kitazamio kidogo, na kando ya kitazamio pana kipovu cha kupimia usawa, kile kile tunachokiona kwenye pimamaji ya fundi mwashi. Ni Hasselblad ya aina iitwayo Superwide, iliyoundwa Uswidi na kutiwa lenzi ya Zeiss ya Ujerumani. Aina hii ilianza kuundwa mwaka 1954. Aliyemuuzia alikuwa ametia kikaratasi ndani ya boksi: kamera imefanyiwa sevisi. Mafuta ya zamani yametolewa na mapya kutiwa, lenzi imefunguliwa ikasafishwa kuvu.

Tuliingia Ndia Kuu kutoka upande wa Ngome ya Yesu. Hatukwenda mbali. Kijana alisimama mbele ya nyumba moja ya ghorofa yenye roshani ya mbao na mlango wa kuchonga. Barazani alikuwa ameketi mzee mmoja, kofia kichwani na kikombe cha kahawa mkononi. Kijana alimwamkia kwa heshima, akaomba ruhusa ya kupiga picha. Mzee akamtazama, akaitazama ile kamera, kisha akauliza: "Mwanangu, wapiga nyumba au wanipiga mimi?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mzee hakujua, lakini alikuwa amegusa jambo ambalo historia ya picha katika kisiwa hiki imelipita kwa zaidi ya miaka 100.

Tuanze na lugha, manake hapa ndipo mahali pake. Kabla ya kamera kufika, Kiswahili kilikuwa na maneno ya kutaja umbo lililochorwa au kuchongwa: sanamu, sura, taswira. Yote haya tuliyapata kutoka kwa Kiarabu. Neno picha lilikuja baadaye kutoka kwa Kiingereza, na lilipofika likaolewa na kitenzi ambacho katika lugha yetu hakikatai mchumba: kupiga. Tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mbiu, tunapiga chapa, tunapiga simu. Basi na picha nayo ikapigwa.

Lakini kuna jambo moja ambalo sisi walimu wa sarufi tumelisahihisha kwa kalamu nyekundu bila kulifikiria vya kutosha. Mtu akitoka studio husema, "Nimepiga picha." Aliyebonyeza kamera ni mwingine. Yeye aliketi tu kitini akatazama mbele. Kwa kanuni za kauli ya kutendwa tungetarajia aseme, "Nimepigwa picha." Hasemi hivyo. Sikiliza vizuri mazungumzo ya mitaani utagundua kwamba "nilipigwa picha" hutumika zaidi pale ambapo mtu hakuwa na hiari: alipigwa picha bila kujua, alipigwa picha na polisi, alipigwa picha na mtalii aliyepita zake. Aliyekwenda mwenyewe, akachagua kanzu au leso, akapaka wanja, akalipa, huyo amepiga picha. Kitendo ni chake.

Kwa hivyo lugha yetu imehifadhi tofauti baina ya mtu mwenye picha yake na mtu ambaye picha yake ni ya mwingine. Tukiishika tofauti hiyo mkononi kama taa, tunaweza kuitembelea historia yenyewe.

Picha za mwanzo katika pwani hii zilikuwa za aina ya pili. Ufundi wa kunasa sura kwa mwanga ulitangazwa mjini Paris mwaka 1839. Miaka michache tu baadaye, kati ya 1846 na 1848, nahodha Mfaransa Charles Guillain aliizunguka pwani ya Afrika Mashariki kwa meli iitwayo Ducouëdic. Alikuwa na kamera za wakati huo, zilizonasa sura juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Picha hizo ziligeuzwa michoro na kuchapishwa Ufaransa katika miaka ya 1850. Watu waliomo humo hawakupiga picha. Walipigwa.

Nusu karne baadaye ikaja reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na mpiga picha William D. Young alikuwa na kazi ya kuirekodi safari hiyo ya chuma. Wakati huo huo biashara ya kadi za posta ilistawi. Katika kadi za mwanzoni mwa karne ya 20 utaiona mitaa ya Mji wa Kale ikiwa na reli nyembamba chini, na vigari vya abiria vikisukumwa na watu kwa mikono. Barabara ambayo leo ina jina la Liwali Mbarak Ali Hinawy iliitwa kwa jina la Vasco da Gama, na ndivyo kadi zinavyoandika. Nyumba zimo, lakini zimo kama pazia la nyuma. Maelezo ya chini yanataja mtaa, mji, pengine "wenyeji". Nani aliishi katika nyumba ile? Ilikuwa ya ukoo gani? Fundi gani alichonga mlango ule? Kadi haisemi, manake aliyekuwa akiandikiwa alikuwa Ulaya na hakuhitaji kujua.

Halafu yakaja mapinduzi, na yalifanyika kimyakimya ndani ya vyumba vidogo. Studio za picha zilifunguliwa mjini, nyingi zikiendeshwa na ndugu zetu wenye asili ya Bara Hindi. Ile iliyochunguzwa zaidi na wanahistoria wa sanaa ni studio ya N. V. Parekh, iliyofunguliwa Mombasa mwaka 1942 na kuhudumu hadi miaka ya 1980. Waliingia humo watu wa kila dini na kila kabila. Waliingia maharusi, marafiki wawili waliotaka kukumbukana, vijana waliojifunga tai za kuazima, akina mama waliovua buibui mbele ya kamera kisha wakaitia picha ndani ya bahasha na bahasha ndani ya sanduku, isionwe na asiyefaa kuiona. Wapo pia waliokataa kabisa kwa sababu ya dini, na uamuzi huo nao uliheshimiwa. Huko Lamu, Omar Said Bakor alizikata picha na kuziunganisha upya, akamweka mtu mahali ambapo hajawahi kufika. Na katika miaka ya 1990, karibu na kivuko cha Likoni, wapiga picha walijenga vibanda vyao kando ya njia wakavipamba kwa mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba marefu. Msafiri aliyeshuka feri kutoka ng'ambo alisimama mbele ya ndege ya rangi, akapiga picha, akaituma nyumbani.

Hapa sasa ndipo mtu wa Mombasa aliposema "nimepiga picha" kwa haki. Hili ni jambo la kujivunia na sina nia ya kulipunguza. Ila lina upande wa pili.

Nina picha ya nyanya yangu. Ameketi kwenye kiti cha studio, leso begani, nyuma yake pazia lenye mchoro wa bustani na ngazi za mawe. Bustani kama ile hakupata kuwa nayo maishani. Alikuwa na nyumba Kibokoni: kuta nene za matumbawe na chokaa, boriti za mikoko darini, baraza mbili, na mlango ambao sisi wajukuu tulikuwa tukizihesabu njumu zake za shaba kwa vidole. Nyumba hiyo ilibomolewa zamani, na mahali pake pana jengo la saruji. Nimetafuta picha yake kwa miaka. Nimeuliza binamu walioko hapa na walioko Uarabuni. Kila mmoja ameniletea picha za watu: harusi, aqiqa, pasipoti, watu wameketi, watu wamesimama. Hakuna aliyeipiga nyumba. Kwa nini mtu ampeleke mpiga picha nyumbani na kulipa pesa zake kuipiga nyumba? Nyumba ilikuwepo tu.

Basi tuna sura za watu, lakini nyumba tumewaachia wapita njia wenye kadi za posta. Mtu alijipeleka studio mwenyewe. Nyumba haina miguu ya kujipeleka.

Ipo sababu nyingine, nayo ni ya kiufundi. Mitaa ya Mji wa Kale haikupimwa kwa ajili ya kamera. Ilipimwa kwa ajili ya kivuli na upepo, na kwa ajili ya watu wawili kupishana na punda. Ukisimama mbele ya nyumba, mgongo wako unagusa nyumba ya pili. Chukua mtaa unaokupa mita 3 za kurudi nyuma. Kamera ya filamu ya 120, ile filamu pana iliyoletwa na Kodak mwaka 1901, hutoa picha ya mraba yenye upande wa takriban milimita 56. Ikiwa na lenzi yake ya kawaida ya milimita 80, katika umbali huo itaona upana wa mita 2 na kidogo. Hapo umepata mlango, tena kwa shida, na umezikosa baraza. Lenzi ya Superwide ni ya milimita 38. Pale pale uliposimama, bila kusogea, itaona upana wa zaidi ya mita 4. Sasa umeupata mlango, na baraza zote mbili, na aliyeketi juu yake.

Wanaojua simu zao watasema hata simu ina pembe pana. Ni kweli. Lakini lenzi nyingi pana hupinda mistari: ukuta ulionyooka huvimba kama mtumbwi, na simu hulazimika kuinyoosha picha baadaye kwa hesabu zake. Lenzi hii iliundwa ili mstari ulionyooka ubaki umenyooka. Kwa hiyo watengenezaji walikiondoa kioo ambacho kamera nyingine za Hasselblad hutumia kumwonyesha mpigaji kile kinachoonwa na lenzi, ili kipande cha nyuma cha lenzi kikaribie kabisa filamu. Ndiyo sababu mpigaji hatazami ndani ya lenzi. Hutazama katika kile kitazamio cha juu na kupima usawa kwa kipovu. Kipovu kikikaa katikati, kuta zitasimama wima. Ukiinua kamera kuitafuta roshani, nyumba italala chali. Fundi aliyejenga ukuta ule kwa timazi angeielewa kamera hii mara moja.

Sasa turudi kwenye kile kikaratasi. Neno sevisi tumelichukua gereji: gari hufanyiwa sevisi, pikipiki hufanyiwa sevisi. Si kukarabati, manake kukarabati ni kushughulikia kilichoharibika. Sevisi hufanywa kabla. Ndani ya lenzi ya kamera hii mna kilango chembamba kinachofunguka na kufungika ili kupitisha mwanga, ambacho mafundi hukiita shata, na shata huendeshwa na springi na magurudumu ya meno kama ya saa ya mkono. Ikikaa miaka bila kuguswa, mafuta huganda. Ukiiambia ifunguke kwa sekunde 1, hufunguka kwa 2 au hukwama kabisa. Joto na chumvi ya pwani yetu huongeza maradhi mengine: kuvu huota juu ya vioo, na vizuizi vya mwanga katika sehemu ya kuwekea filamu huchakaa mpaka mwanga ukapenya pembeni. Kijana alinionyesha jinsi ya kujua. Aliiweka kwenye sekunde 1, akabonyeza, tukasikiliza mlio wake mwembamba hadi ulipokoma. "Iko sawa, Profesa," akasema.

Nilipokuwa nikisikiliza nilifikiria nyumba. Nyumba ya matumbawe na chokaa nayo huishi kwa sevisi. Ukuta wake hupumua: hunywa unyevu wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Desturi ya zamani ilikuwa kupaka chokaa tena na tena, kubadilisha boriti iliyoanza kuliwa, kuziba ufa ungali mdogo. Mwenye nyumba akichoka na kazi hiyo huita fundi wa saruji. Saruji hung'aa mwaka wa kwanza. Halafu unyevu na chumvi vikikosa pa kutokea huanza kuula ukuta kutoka ndani, na siku moja plasta yote huanguka pamoja na ngozi ya nyumba. Ndipo watu husema nyumba imezeeka, ibomolewe. Kamera iliyoundwa miongo kadhaa iliyopita inafanya kazi leo kwa sababu kuna mtu, mahali fulani, aliyefundishwa kuifungua. Mafundi wa chokaa wa Mombasa wamebaki wangapi, na nani anafundishwa nao?

Sisemi hakuna kilichofanywa. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imekuwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011. Mji wa Kale wenyewe ulitangazwa eneo la kuhifadhiwa, na ofisi ya kuusimamia ikawekwa katika nyumba ya kihistoria ya Leven. Lakini ngome haina wapangaji, haina warithi kumi wanaogombania hisa zao, wala haihitaji choo cha ziada kwa ajili ya mjukuu aliyeoa. Nyumba za watu zina haya yote. Haiwezekani kuziokoa zote. Kwa zile zisizookoka, kilicho katika uwezo wetu ni kuziandika na kuzipiga picha kabla hazijaondoka, tena kwa majina yake.

Naam, majina. Mzee wa barazani aliposikia kwamba kijana anataka kuipiga nyumba, aliinuka ili ampishe. Kijana akamwomba abaki. "Haya, piga," mzee akasema. "Lakini usinikate kitwa." Kitwa ni kichwa kwa Kimvita, kama vile mato ni macho, na kama vile hiyo Ndia Kuu tuliyosimama ni Njia Kuu. Wageni wengi hudhani ndia ni kosa la mwandishi wa vibao. Si kosa hata kidogo. Ni lahaja ya kisiwa hiki imeandikwa ukutani kila mtu akaione.

Filamu moja hutoa picha 12 tu, kwa hivyo kijana hakuwa na haraka. Alipima mwanga, akapima usawa, akamwambia mzee asogee kidogo kulia asiizibe fremu ya mlango.

"Fremu?" mzee akashangaa. "Fremu ni ya picha, mwanangu. Hii ni miimo." Akaukaribia mlango akaanza kuonyesha kwa kidole. Nguzo mbili za kando ni miimo. Ubao wa katikati, unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana, ni mfaa. Pale chini unaporuka kwa mguu ni kizingiti. Kijana, mwalimu wa Kiswahili mwenye shahada, alitoa daftari akaandika. Nami, aliyemfundisha, nilikuwa nimemfundisha isimu ya kisasa kwa miaka minne bila kumpeleka hata siku moja mbele ya mlango.

Hapo niliona hasara yetu ni kubwa kuliko nilivyodhani. Nyumba ikibomolewa hatupotezi mawe pekee. Mlango ukiuzwa, maneno mwimo na mfaa hubaki bila kitu cha kushikia. Yatakaa katika kamusi kama nguo za marehemu. Na picha isiyo na majina haiwezi kuyarudisha. Angalia zile kadi za posta: zina kila kitu isipokuwa sauti ya mwenye nyumba. Tukiipiga Mombasa leo kwa simu zetu elfu bila kumuuliza mzee wa barazani hili laitwaje, wajukuu wetu watarithi kadi za posta nyingine, safari hii zilizopigwa na sisi wenyewe.

Kazi hii haihitaji Hasselblad. Walimu wa Kiswahili walioko kisiwani wangeweza kumpa kila mwanafunzi nyumba moja, aombe ruhusa kwa wenyewe, aipige picha, aandike majina ya sehemu zake kama wanavyoyasema wenyeji, pamoja na jina la mtaa na mwaka. Asiyetaka nyumba yake ipigwe aachwe na haki yake. Heshima hiyo tuliijua tangu zama za studio.

Na wewe msomaji, una kazi nyepesi zaidi. Leo jioni fungua lile sanduku. Zitoe picha moja moja pamoja na aliye mzee kuliko wote nyumbani. Tazameni nyuma ya watu, si nyuso zao tu: dirisha, ngazi, kipande cha baraza kilichoingia kwa bahati. Kisha geuzeni picha, na kwa penseli laini, si kalamu ya wino inayopenya karatasi, andikeni ni nani, ni wapi, ni mwaka gani.

Kijana alinipigia tena simu juzi. Filamu imesafishwa na picha zimetoka. Moja imeingia mwanga pembeni, nyingine 11 ni safi. Mzee wa Ndia Kuu yumo, kitwa chake kizima, na nyumba nzima nyuma yake.